Mchanga, mikoko na giza: Kuchagua vifaa vya mbio ndefu za nyikani katika pwani ya Mtwara

Ultramarathoni ni mbio yoyote ya miguu inayozidi kilomita 42.195, yaani urefu wa marathoni ya kawaida. Nyingi huwa za kilomita 50, 80, 100 au 160, na zile za nyikani hupita nje ya lami: kwenye vijia vya mashambani, fukwe, misitu na milima. Mkimbiaji huweza kukaa njiani kuanzia saa 6 hadi zaidi ya saa 30, na kati ya kituo kimoja cha maji na kingine akawa peke yake kwa saa mbili au tatu. Aliyeishiwa nguvu katika marathoni ya mjini huketi kando ya barabara akasubiri gari. Nyikani hutegemea alichobeba mgongoni.

Tanzania ina mfano wake. Simon Mtuy, mkimbiaji na mwongoza watalii wa Kilimanjaro, mwaka 2006 alipanda hadi kileleni na kushuka kwa chini ya saa 10 akiwa amejibebea mwenyewe chakula, maji na nguo. Kukimbia hivyo huanza nyumbani, mbele ya mkeka uliotandazwa vifaa, kwa swali moja la kila kifaa: kitatumika wapi katika njia hii? Jibu la Kilimanjaro si jibu la Mtwara. Mlimani hofu kubwa ni baridi na hewa nyembamba. Pwani ya kusini ni joto, unyevunyevu, mchanga, tope la mikoko na maji ya bahari yanayopanda.

Njia kwanza, duka baadaye

Mtwara imezoea mbio za barabarani kama Korosho Marathon, lakini mazingira yake yanafaa hata zaidi kwa mbio za nyikani. Kutoka Mikindani kupitia Mtwara mjini, Naliendele na Madimba hadi Msimbati ni yapata kilomita 50, urefu unaotosha kuitwa ultramarathoni. Anayeendelea hadi Ruvula, au anayekata kuelekea bonde la Ruvuma upande wa Kilambo, huongeza masafa kadiri anavyotaka.

Katika umbali huo ardhi hubadilika mara nyingi. Kuna udongo mwekundu uliokandamizwa na magari, mchanga mwepesi chini ya mikorosho, mawe ya matumbawe yenye ncha, majaruba ya mpunga, na ufukwe mweupe wa Msimbati. Sehemu kubwa ya mwambao huo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, zikiwamo bahari, mikoko na vijiji.

Msimu nao una kauli yake. Mvua kubwa za Mtwara hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Miezi ya Juni hadi Agosti ina ukavu na upepo wa kusi, na ndiyo inayomfaa zaidi mkimbiaji. Hata hivyo, joto la mchana haliendi mbali na nyuzi 30, na unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Hutiririka tu na kwenda na maji na chumvi. Vifaa vingi vinavyotajwa hapa chini huchaguliwa kwa sababu hiyo moja.

Viatu: raba za njia tatu

Kiatu ndicho kifaa cha kwanza kununuliwa na cha mwisho kubaniwa fedha. Raba za nyikani hutofautiana na za barabarani kwa mambo matatu: meno ya soli, ugumu wa chini ya unyayo na kinga ya vidole. Kwa udongo mkavu na mchanga wa Mtwara, meno ya milimita 3 au 4 yanatosha. Meno marefu ya milimita 6 husaidia kwenye tope la masika, lakini juu ya ardhi ngumu humchosha mkimbiaji na huisha upesi. Palipo na mawe ya matumbawe, kiatu chenye bamba jembamba ndani ya soli huokoa unyayo, kwa kuwa ncha za matumbawe hupenya soli laini na jeraha lake hukawia kupona.

Kiatu kisichopitisha maji huonekana kinafaa mahali penye maji mengi, lakini mwambao huu haukitaki. Mkimbiaji anayevuka mkono wa bahari au jaruba huingiza maji kwa juu, kwenye kifundo, na kiatu cha aina hiyo huyafungia ndani. Kinachofaa ni kitambaa chenye matundu kinachomwaga maji kwa hatua chache. Matundu hayo yasiwe makubwa sana, maana mchanga laini wa Msimbati hupita palipopita maji. Kinga yake ni soksi fupi ya kitambaa inayofunika mdomo wa kiatu na kifundo, na fundi cherehani yeyote anaweza kuishona kwa kitambaa cha kuvutika.

Kwa ukubwa, mguu huvimba baada ya saa kadhaa za joto. Kiatu hupimwa jioni, kikiwa na soksi itakayovaliwa siku ya mbio, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Uzito nao uangaliwe: uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu huongeza nishati inayotumika kwa takriban asilimia 1. Kwa saa 8 za kukimbia, hiyo si hesabu ndogo.

Lengelenge huanza na chembe moja ya mchanga. Chembe huingia kati ya soksi na kisigino, jasho huilainisha ngozi, na kila hatua huvuta tabaka la juu upande mmoja huku la chini likibaki palepale. Matabaka hayo huachana na nafasi kati yake hujaa maji. Mkimbiaji mzoefu husimama anapohisi joto la kwanza kisiginoni, huvua kiatu, hukung'uta, hukausha na kubandika plasta. Dakika hizo tatu hulinda saa zote zinazofuata. Soksi za pamba hushika maji na kukunjamana. Za sufu laini au za nyuzi za kutengenezwa hukauka haraka. Jozi moja ya akiba, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ina nafasi yake baada ya kila kivuko.

Nguo: kivuli cha kuvaa

Jua la Mtwara hukabiliwa kwa kufunika mwili zaidi kuliko kuuacha wazi. Jezi nyepesi ya mikono mirefu, rangi nyeupe au ya kung'aa, huzuia mionzi na ikilowanishwa hupoza mwili. Kofia yenye pazia la shingoni, au kipande cha khanga kilichochovywa majini na kufungwa shingoni, hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kabisa. Kwa mwanamke anayejifunga mtandio, hijabu ya michezo ya kitambaa chepesi hukaa imara na hukauka upesi kuliko mtandio wa pamba. Sidiria ya michezo isiyobana wala kulegea ni ya lazima kama kiatu. Mwenye ualbino, na yeyote mwenye ngozi inayoungua, huongeza mafuta ya kuzuia jua na kuyapaka upya kila baada ya saa mbili.

Hakuna sare ya ultramarathoni. Mmarekani Courtney Dauwalter, ambaye mwaka 2023 alishinda mbio za Western States, Hardrock na UTMB katika msimu mmoja, anajulikana kwa bukta pana na ndefu zinazofika karibu na magoti, wakati wengi hufikiri mkimbiaji mahiri lazima abane nguo. Kipimo ni mwili wa mvaaji. Jezi nzuri zinapatikana kwenye mtumba kwa bei ya chini, mradi zisiwe za pamba wala zisiwe na mshono mnene kwapani.

Mikono na miguu iliyofunikwa ina faida nyingine pwani: upupu. Mmea huu hutambaa kwenye vichaka, na maganda yake yakikauka, vinyweleo vyake huwasha hata kwa kupeperushwa na upepo. Kwenye ngozi yenye jasho balaa huzidi. Sehemu zinazosuguana, yaani mapajani, kwapani, chuchu na mahali mkanda wa mkoba unapopita, hupakwa mafuta ya mgando kabla ya kuanza, na kikopo kidogo huenda njiani kwa kurudia.

Mkoba na maji

Mkoba unaofaa huvaliwa kama kizibao: hubana kifua na mgongo, una mifuko ya mbele ya chupa mbili, na haurukiruki. Ujazo wa lita 5 hadi 12 unatosha kwa siku moja. Begi la shule halifai, kwa sababu hutikisika na kusugua mgongo hadi kuuchubua. Chupa laini zinazosinyaa zinapopungua maji hazipigi kelele wala kuyumba, lakini asiye nazo hutumia chupa za plastiki za nusu lita, ilimradi mifuko ya kizibao izishike barabara.

Kiasi cha maji hakikisiwi, hupimwa. Mkimbiaji hujipima uzito akiwa hajavaa nguo, hukimbia saa moja bila kunywa katika joto linalofanana na la siku ya mbio, hujifuta jasho na kujipima tena. Kila kilo iliyopungua ni sawa na takriban lita moja ya jasho. Katika joto la pwani wengi hupoteza lita moja hadi moja na nusu kwa saa. Mkimbiaji hubeba kiasi cha kumfikisha kituo kinachofuata na akiba ya nusu lita juu yake, akikumbuka kuwa lita moja ni kilo moja mgongoni.

Kunywa kupita kiasi nako ni hatari. Uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002 ulikuta asilimia 13 kati yao wana upungufu wa chumvi katika damu, na moja ya sababu kuu ilikuwa kunywa maji mengi kuliko mwili ulivyohitaji. Kiu ndiyo mwongozo ulio salama zaidi.

Maji ya kuongeza njiani yana masharti. Mto Ruvuma una mamba na viboko. Kuinama ukingoni kujaza chupa ni kuhatarisha maisha. Mito na madimbwi ya bara huweza kuwa na kichocho. Maji huchotwa kisimani au kwenye bomba la kijiji na kutiwa dawa ya klorini, kisha husubiriwa dakika 30. Pakiti isomwe kwa makini, kwani vidonge vingi vya madukani vimepimwa kwa ndoo ya lita 20, na kimoja ndani ya chupa ya nusu lita ni sumu ya kuchoma tumbo. Anayetarajia kujaza njiani hununua vidonge vya kipimo kidogo mapema.

Chakula na chumvi

Mwili unaokimbia kwa saa nyingi huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na waliozoesha matumbo yao hufikia 90. Vifurushi vya jeli vya wakimbiaji hurahisisha hesabu, lakini bei yake ni kubwa na si lazima. Ndizi moja ya wastani ina takriban gramu 25 za wanga. Tende, kashata, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa vipande, na vitumbua vikavu visivyo na mafuta mengi huingia kwenye mfuko mdogo na kustahimili joto. Chokoleti huyeyuka kabla ya Naliendele.

Korosho, zao la mkoa wenyewe, ina nafasi maalumu. Gramu 100 hutoa takriban kilokalori 550, nishati kubwa kwa uzito mdogo. Lakini sehemu kubwa ya nishati hiyo hutoka kwenye mafuta, ambayo tumbo huyasaga polepole. Kwa hiyo huliwa katika vipande vya kutembea, hasa usiku, wala si mkimbiaji anapopandisha kasi. Korosho zilizotiwa chumvi hutatua tatizo la pili papo hapo.

Tatizo hilo la pili ni sodiamu. Lita moja ya jasho la watu wengi hubeba kati ya miligramu 500 na 1,000, na mavazi yanayobaki na michirizi myeupe huashiria mtu anayepoteza nyingi. Dafu hupendwa na lina potasiamu kwa wingi, lakini sodiamu yake haifikii inayotoka kwa jasho. Nusu lita ya dafu hukamilishwa kwa chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Pakiti mbili za chumvichumvi ya kutibu upungufu wa maji mwilini, zile zinazotolewa zahanati kwa wagonjwa wa kuhara, ni bima nyepesi kwa tumbo lililochafuka. Zikikosekana, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha, huchanganywa katika lita moja ya maji salama.

Taa, saa na ramani

Mtwara iko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na machweo yake ni mafupi. Jua likizama karibu na saa 12 jioni, nusu saa baadaye mizizi na mawe hayaonekani tena. Anayetegemea kufika saa 11 jioni hubeba taa ya kichwani vilevile, kwa kuwa kuchelewa ni jambo la kawaida. Mwanga wa lumeni 200 unatosha kijiani, na betri za akiba hukaa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mbio ya UTMB ya milima ya Alps, inayozunguka Mont Blanc kwa zaidi ya kilomita 170, humlazimu kila mshiriki kuwa na taa mbili, kwa sababu taa moja ikizimika usiku haiwezi kutengenezwa gizani.

Simu huwekwa ramani iliyopakuliwa kabla ya safari na kuachwa katika hali ya ndegeni ili kulinda chaji. Pawabenki ya mAh 10,000 ina uzito wa takriban gramu 200. Karibu na Ruvuma pana mtego usiotarajiwa: simu ikitolewa katika hali hiyo inaweza kudaka mtandao wa Msumbiji. Zaidi ya gharama, Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu inayojipanga yenyewe huweza kurudisha saa yake nyuma. Kwa mkimbiaji anayepaswa kuvuka mkono wa bahari kabla ya maji kujaa, kosa la saa moja ni kubwa. Saa ya mkononi iliyowekwa kwa mkono huondoa mashaka.

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Mahali palipokuwa mchanga mgumu wa kukimbilia hufunikwa, na kijia cha kwenye mikoko hugeuka mfereji. Kutoka kwenye tope mizizi ya mikoko huchomoza kama vijiti vilivyochongwa, na maji yakipanda haionekani. Kwa hiyo jedwali la maji la siku husika, likiandikwa kwenye karatasi na kufungwa kwa plastiki, lina thamani kama ramani. Wavuvi wa kijiji husika huulizwa siku moja kabla; hakuna kifaa kinachoshinda maarifa yao ya mahali.

Akiba ya dharura

Mwezi Mei 2021, katika mbio ya kilomita 100 huko Gansu, China, upepo mkali, mvua ya barafu na baridi viliwakuta wakimbiaji mlimani. Kati ya washiriki 172, 21 walifariki. Jaketi la kuzuia upepo halikuwamo katika vifaa vya lazima. Mtwara haina baridi ya namna hiyo, lakini mtu aliyelowa, aliyeishiwa sukari na anayetembea usiku katika upepo wa kusi hupoteza joto haraka kuliko anavyodhani. Jaketi jepesi lisilopitisha maji na blanketi la dharura la karatasi ya kung'aa, lenye uzito wa gramu 60 hivi, hukaa chini kabisa ya mkoba. Akiba haiozi.

Filimbi huning'inizwa kifuani. Ishara ya milimani inayotambulika kimataifa ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, na kurudia. Huduma ya kwanza ni plasta, dawa ya kusafishia vidonda na bandeji pana ya kunyumbulika. Bandeji hiyo hufunga kifundo kilichoteguka na pia hutuliza kiungo kilichoumwa na nyoka, kwani vichaka vya pwani vina kifutu, swila na koboko. Aliyeumwa hachanjwi wala hafyonzwi jeraha; hutulizwa asitembee, hufungiwa gango, na kukimbizwa hospitali. Mtwara ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, na namba za dharura huandikwa kwenye karatasi pia, si kwenye simu pekee. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki havina nafasi mkobani, maana kwa mtu aliyepungukiwa maji huweza kuumiza figo.

Kifaa kimoja hakina uzito lakini husahaulika: kitambulisho. Ruvuma ni mpaka wa nchi. Anayepita vijiji vya bondeni hujitambulisha kwa serikali ya kijiji mapema, na anayeingia hifadhini hupata kibali na kulipa kiingilio kabla ya siku ya mbio.

Kupima, kujaribu, kurejesha

Mkoba uliokamilika hupimwa kwenye mizani. Kwa mfano wa siku moja: kizibao kitupu gramu 250, maji lita moja na nusu, chakula gramu 500, taa gramu 90, simu na pawabenki gramu 400, jaketi gramu 200, blanketi gramu 60 na huduma ya kwanza gramu 100. Jumla ni kilo 3 na gramu 100, na karibu nusu yake ni maji. Anayetaka kupunguza uzito haanzi kwa kutoa filimbi au blanketi; huanza kwa kupanga vituo vya maji vilivyo karibu zaidi.

Mwenye fedha kidogo hununua kwa mpangilio: kwanza raba, pili taa, tatu kizibao. Vingine vyote vina mbadala sokoni, kwa fundi au jikoni. Kisha kila kifaa hufanyiwa majaribio. Angalau mara mbili mkimbiaji hukimbia saa tatu au nne akiwa na mkoba kamili, mara moja mchana wa jua kali na mara moja usiku, akivuka maji na kupita mchangani. Hapo mkanda unaosugua, chupa inayovuja na chakula kinachochefua hujitokeza wakati nyumbani ni karibu.

Baada ya mbio, viatu huoshwa kwa maji baridi ili chumvi ya bahari isile gundi na kitambaa, kisha hukaushwa kivulini. Betri hutolewa kwenye taa na vituo vyake vya shaba hufutwa. Plasta, chumvi na vidonge vya klorini vilivyotumika hurejeshwa siku hiyohiyo, na mkoba hutundikwa ukiwa tayari.